Mashine za EDM: jinsi ya kujua kazi yako inataka ipi, kwa mafundi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Wadau wa karakana, kuanzia Kizota na Chang'ombe mpaka Kibaigwa na Singida huko kwenye mashine za kukamua alizeti, habari za kazi. Siku hizi ukikaa na mafundi wawili watatu lazima mmoja ataleta habari za EDM, yaani hizi mashine zinazokula chuma kwa cheche za umeme. Kaona video kwenye simu, waya mwembamba unapita kwenye bamba la inchi mbili kama hamna kitu, basi anataka kuagiza China kesho yake. Subiri kwanza mkuu. EDM sio mashine moja, kuna aina nne ambazo fundi wa huku atakutana nazo na kila moja ina kazi yake, ukinunua ya waya wakati kazi zako zote ni kalibu zisizotoboka upande wa pili basi umenunua pambo. Halafu kuna maji na umeme wa huku kwetu, hivyo viwili vinaamua mambo kuliko hata bei ya mashine, nitavifikia.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Elektrodi na chuma havigusani hata siku moja. Katikati kuna nafasi ndogo sana, mara nyingi ni sehemu ya kumi au ya mia ya milimita, na nafasi hiyo imejaa kimiminika kisichopitisha umeme kirahisi, inaweza kuwa mafuta au maji yaliyotolewa chumvi. Volti ikipanda ya kutosha kimiminika kinashindwa kuzuia, cheche inaruka, na pale ilipopiga joto linafika nyuzi 8,000 mpaka 12,000 kwa muda mfupi mno, chembe ya chuma inayeyuka na kuruka, cheche inazimika, kimiminika kinaosha uchafu, inakuja cheche nyingine. Hiyo inajirudia maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo chuma kiwe laini au kiwe kimekazwa mpaka faili linateleza juu yake, cheche haijali. Waliolifanya jambo hili kuwa teknolojia ni mtu na mkewe huko Urusi ya Kisovieti, akina Lazarenko, mwaka 1943, walikuwa wanahangaika na swichi ambazo ncha zake zinaliwa na cheche, wakaona badala ya kupigana na cheche bora waitume kazi.

Hatua ya 1: kama umeme haupiti, funga hesabu

Chukua multimita, weka kwenye mlio, gusa ncha mbili za kipande chako. Ikilia, endelea. Chuma cha kawaida, stenlesi, chuma cha dai, titani, shaba, alumini, vyote vinakatika. Kabaidi (ile ngumu sana ya ncha za kukatia) pia inakatika, watu wengi hawaamini hili, ila ndani yake kuna kobalti inayoshikilia punje na umeme unapita humo. Plastiki, mbao, kigae na kioo sahau.

Sasa angalizo. Multimita inaweza kulia ukigusa sehemu safi lakini pembeni kuna kutu, rangi, au lile ganda jeusi ambalo bamba linatoka nalo kiwandani. Cheche ikifika hapo inasita, waya unasogea unagusa, unakatika. Piga grinda mpaka chuma king'ae kote ambako waya utaingilia na kutokea, na pale unapofunga klampu. Chuma cha kasti nacho kina tabia yake, ukikuta kimebakiwa na punje za mchanga ndani utakatika waya mara tatu kwenye kazi ambayo ilitakiwa iende bila shida, kwa hiyo kwenye kasti bei iwe juu kidogo au ukatae.

Hatua ya 2: angalia tundu lako linaishia wapi

Hili ndilo swali lenyewe. Usiulize chuma ni kigumu kiasi gani, uliza umbo linapita mpaka upande wa pili au linaishia katikati.

Linapita mpaka upande wa pili: mashine ya waya. Linaishia katikati, kama kalibu ya kifuniko au maandishi yaliyozama: mashine ya kuzamisha. Ni tundu jembamba na refu tu: drili ya cheche. Kuna tapu (kile chombo cha kukatia nyuzi za bolti ndani ya tundu) au bolti imekatikia ndani: ile ndogo ya kutolea tapu. Basi. Mengine yote yanafuata hapo.

Mashine ya waya

Hii ndiyo inayotafutwa zaidi na kwa kweli ndiyo yenye kazi nyingi huku. Ila nayo iko ya namna mbili na wauzaji wanapenda kuzichanganya makusudi.

Kuna ya waya wa brasi, mara nyingi mm 0.25. Waya unatoka kwenye rola, unapita kwenye kazi mara moja, unaenda kwenye takataka. Kipande kinakuwa ndani ya maji yaliyotolewa chumvi. Inatoa uso laini sana na kipimo cha hali ya juu, ukipitisha mara ya pili na ya tatu kwa cheche ndogo ndogo unapata kitu ambacho huhitaji kukipiga msasa. Lakini inakula mamia ya mita za waya kwa saa, inataka chumba chenye joto lisilobadilika, na inataka maji ambayo hapa Dodoma hayatoki bombani.

Halafu kuna ile ya Kichina ambayo majina yake yanaanza na DK77. Tarakimu mbili zinazofuata zinakwambia meza inasogea kiasi gani upande mmoja, DK7735 ni mm 350. Hii inatumia waya wa molibdenamu wa mm 0.18, umezungushwa kwenye ngoma, unakwenda na kurudi kwa kasi ya mita kama 10 kwa sekunde, waya ule ule unatumika masaa mengi mpaka uchoke. Haitumii maji safi, inatumia oili ya maji, ile inayokuwa nyeupe kama maziwa ukichanganya. Uso wake una mistari mistari kwa sababu waya ukigeuza mwelekeo unaacha alama, na kipimo ukipata ndani ya mm 0.01 mpaka 0.02 shukuru.

Maoni yangu, kwa karakana ya hapa inayoanza, chukua hii ya molibdenamu na usione aibu. Angalia kazi zenyewe: sproketi, gia ya mashine ya kusaga, bamba za panchi na dai (jozi ya kukatia bati, panchi inapiga na dai ndiyo yenye tundu inamoingia), njia ya kii kwenye puli (ile kabari ya chuma inayozuia puli isizunguke peke yake kwenye shafti), kalibu za pevingi ambazo tangu ujenzi uchangamke Mtumba na pembezoni mwa mji zinaisha kila siku. Hamna hata moja hapo inayotaka kipimo cha injini ya ndege. Anayekushauri uanze na ya brasi muulize rola za waya atanunua nani.

Njia ya kii ni mfano mzuri wa jinsi inavyorahisisha. Puli tayari ina tundu katikati, unafungua waya, unaupitisha kwenye tundu, unafunga, unatafuta senta kwa kugusisha waya pande nne (mashine inasoma yenyewe ukibonyeza), unaingiza mchoro wa njia, unawasha oili, unaanza. Huhitaji kutoboa tundu la kuanzia. Wale tuliozoea kuchonga njia hiyo kwa tindo na faili jua kali tunajua tunazungumzia nini.

Kitu kimoja ambacho wanaoanza wanakisahau ni unene wa waya. Waya wa 0.18 nusu yake ni 0.09, ongeza nafasi ya cheche kama 0.01, unapata 0.10, hiyo ndiyo unayoiambia mashine isogee nje ya mstari wa mchoro. Sasa waya wa molibdenamu unaliwa taratibu. Baada ya masaa mengi ukiupima kwa mikromita unakuta ni 0.16. Kama bado umeacha 0.10 basi kila ukuta umebakiza mm 0.01 ya chuma, tundu linakuwa dogo kwa 0.02 kwenye kipenyo, beringi inagoma kuingia halafu unalaumu mchoro. Pima waya kila asubuhi kabla ya kazi ya kubana, ikifika 0.15 hivi ubadilishe kabla haujakukatikia katikati ya kazi.

Mashine ya kuzamisha

Hapa unatengeneza elektrodi yenye umbo unalotaka, unaishusha polepole kwenye chuma kilichozama kwenye mafuta, inaacha shimo lenye sura yake. Hakuna kinachozunguka. Kona ya mraba ndani ya kalibu, ambayo keekee ya milingi haiwezi kuitoa kwa sababu ni ya duara, hii inaitoa.

Elektrodi ni shaba nyekundu au grafaiti. Shaba inatoa uso laini na unaweza kuipata hapa kirahisi, basbaa za shaba kutoka kwa mafundi umeme zinafaa sana. Grafaiti inachongeka haraka na haiyeyuki ovyo kwenye kazi nzito, ila vumbi lake linapitisha umeme, ukilichonga karibu na kabati la mashine bila kivuta vumbi siku moja utachoma bodi. Mimi kwa kalibu ndogo ndogo ningebaki na shaba.

Utengenezaji wa elektrodi: iwe ndogo kuliko shimo unalotaka, kwa sababu cheche inaruka pembeni pia. Ya kukwangua mwanzo ipunguze mm 0.2 mpaka 0.3 kila upande, ya kumalizia 0.05 mpaka 0.1. Ndiyo, ni elektrodi mbili kwa kalibu moja, anayefanya na moja tu mwisho wake kona zimekuwa mviringo kwa sababu kona ndizo zinaliwa kwanza.

Ampia usiweke kwa hasira. Hesabu eneo la uso wa elektrodi, kisha ampia 5 mpaka 10 kwa kila sentimita mraba. Elektrodi ya mm 20 kwa 20 ni sentimita mraba 4, kwa hiyo kati ya 20 na 40, na mwanzoni wakati inagusa kwa ncha tu anza chini zaidi. Muda wa cheche kuwaka ukiwa mrefu unakula haraka na uso unakuwa na vishimo, ukiwa mfupi uso unakuwa laini lakini utakaa sana. Muda wa kupumzika katikati ya cheche ndio unaosahaulika, ukiubana sana uchafu hauoshwi, cheche inageuka kuwa moto wa kulehemu unaobaki sehemu moja. Utaisikia. Kazi nzuri ina sauti ya kukaanga inayolingana, kazi mbaya inanyamaza halafu inapiga kwa kishindo, na ukiinua elektrodi unakuta doa jeusi gumu la kaboni limeng'ang'ania. Hapo zima, kwangua doa pande zote mbili, ongeza muda wa kupumzika, weka elektrodi ipande na kushuka mara kwa mara ili mafuta yaingie.

Drili ya cheche

Hii haina mambo mengi. Bomba jembamba la brasi au shaba, mm 0.3 mpaka 3, linazunguka huku maji ya presha kubwa yanapita ndani yake. Inatoboa chuma kilichokazwa ambacho keekee yako ingevunjika, na inaenda ndefu sana ukilinganisha na upana wake. Viwandani huko nje wanatobolea vitundu vya kupozea kwenye mapanga ya injini za ndege. Sisi tutaitumia zaidi kutoboa tundu la kuanzia la mashine ya waya, na kuzibua bamba za kutengenezea chakula cha kuku cha punje zilizoziba kabisa. Bomba lenyewe linaliwa kama linavyokula, wakati mwingine zaidi, ukitoboa mm 50 usishangae bomba limepungua mm 50. Kwa hiyo usiitegemee kwa kina kamili cha tundu lisilotokea.

Ya kutolea tapu

Ndogo, unaibeba, ina kichwa chenye sumaku au klampu. Kwa karakana za malori hii peke yake inaweza kulipa pango. Lori limetoka Manyoni, silinda hedi imefunguliwa, fundi anatengeneza nyuzi za bolti ya M10, tapu imekatikia ndani. Tapu ni ngumu, keekee haiingii, ukipiga na panchi unapasua hedi.

Unafanya hivi. Toa betri ya gari kabisa kama hedi bado iko kwenye injini, na kama kuna kompyuta ichomoe. Safisha juu ya tapu mpaka uione sura yake. Chagua fito ya brasi ambayo ni karibu nusu ya kipimo cha tapu, kwa M10 ni mm 5, hapo unakula kiini tu cha katikati na huzigusi nyuzi. Funga klampu ya umeme kwenye hedi yenyewe karibu na tundu. Weka fito juu ya senta, angalia kutoka mbele halafu kutoka upande, rudia tena, maana hedi ikiwa ya alumini inaliwa haraka kuliko tapu na ukikosea senta utakula ukuta wa tundu kabla hujashtuka. Fungua maji yapite, washa kwa nguvu ndogo. Itaanza na michirizi ya buluu, maji yatakuwa meusi kama chai ya rangi iliyochemka sana, ni unga wa chuma huo, yaache yatoke. Ukishapita urefu wa tapu kiini kinakuwa hakipo, yanabaki mabawa matatu au manne yamesimama peke yake ukutani, unayachokoa kwa msumari au sindano yanadondoka moja moja. Nyuzi za zamani zipo salama. Pitisha tapu mpya kwa mkono kusafisha, puliza kwa kompresa, hakikisha hakuna unga ulioingia kwenye njia za oili.

Hatua ya 3: piga hesabu ya muda kabla ya kutaja bei

Kwenye waya hesabu ni rahisi, urefu wa mstari zidisha unene wa bamba, unapata eneo, gawa kwa uwezo wa mashine. Molibdenamu ikiwa katika hali nzuri inakata kama mm mraba 80 mpaka 120 kwa dakika. Tuseme bamba la mm 40 na mzunguko wa umbo ni mm 200. 200 mara 40 ni 8,000. Gawa kwa 80 ni dakika 100, saa moja na dakika arobaini. Ongeza muda wa kufunga, kutafuta senta na kuchora. Usitaje bei kwa kukadiria kwa macho, bamba la mm 10 na la mm 80 ukiyaangalia kwa juu yanafanana na mteja atakwambia kazi ni ile ile.

Hatua ya 4: mpangilio wa kazi

Kwa panchi na dai fuata hivi: kata kipande, toboa matundu yote ya bolti na ya kuanzia waya kikiwa bado laini, ndiyo ukikaze kwa moto, kisha uso usagwe, mwisho kabisa waya. Ukikata na waya kwanza halafu ukakaze kwa moto kitajipinda na kipimo chako chote kimeenda na maji. Kama kimeshakazwa na mtu alisahau tundu la kuanzia, ndio hapo drili ya cheche inaokoa jahazi.

Bamba lililokazwa lina nguvu zimejificha ndani, ukianzia pembeni ukakata umbo la U linafunguka au linabana waya. Anzia ndani kwenye tundu, acha chuma kizunguke pande zote, na ule mshikio wa mwisho uache mm 3 hivi, pachika sumaku au gundi kipande kisidondoke, ndipo umalizie. Kipande kikidondoka kinakata waya, kikiegemea kinaunguza ukuta.

Pia cheche inaacha ngozi nyembamba nyeupe juu ya chuma, imeyeyuka ikaganda upya, ngumu lakini inapasuka. Kwa kalibu ya pevingi achana nayo. Kwa gia inayobeba mzigo au panchi inayopigwa siku nzima ipitishie jiwe la mafuta mpaka uone chuma chenyewe.

Maji ya huku

Maji yetu mengi Dodoma ni ya visima virefu na yana madini, kila mtu mwenye birika nyumbani anayaona yale magamba meupe. Mashine ya brasi inataka maji yenye kupitisha umeme kidogo sana, kipimo chake kwa chuma kinakaa karibu 10 mpaka 20 kwenye kile kipimo cha mikrosimensi kwa sentimita, maji ya kisima yanahesabiwa kwa mamia. Mashine ina chupa ya rezini ya kuyachuja, ila ukiijaza maji ya kisima rezini inakufa mapema mno na kuagiza nyingine ni mkwanja. Na kwenye oili ya maji ya molibdenamu, maji magumu yanaigawa, unaona utando unaelea juu na mafuta yamejitenga, ukataji unashuka na kazi inashika kutu.

Dawa yake iko juu ya paa. Dodoma inapata mvua kama milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, bati la mita mraba 100 linatosha kukujazia matenki kadhaa. Mvua ya kwanza kwanza iache ioshe vumbi, funga bomba, kisha kinga, chuja kwa kitambaa, tenki liwe limefunikwa na jeusi au lipakwe rangi lisiote ukijani. Ukiishiwa kiangazi nunua maji yaliyokenekwa. Lakini ukienda dukani ukasema tu "maji ya betri" unaweza kupewa asidi, harufu na rangi havitakusaidia, soma chupa.

Umeme, vumbi na joto

Umeme ukishuka katikati ya kukata, waya unasimama, ukirudi unaacha alama ukutani. Hakikisha kontrola (kompyuta inayoendesha mashine) inakumbuka ilipoishia, muulize muuzaji akuonyeshe kwa kuchomoa plagi mbele yako, asipotaka hiyo tayari ni jibu. Weka stabilaiza inayobeba mzigo wote wa mashine na UPS kwa ajili ya kompyuta tu.

Athi ndiyo watu wanaipuuza. Udongo wa hapa kuanzia Juni mpaka Novemba ni mkavu kabisa na fito ya athi iliyopigwa futi tatu inakuwa kama haipo. Ipige ndefu, zungushia mkaa na chumvi, mwagilia kila wiki kiangazi. Athi mbovu kwenye EDM inakuletea kontrola inayojizima yenyewe na redio ya jirani inayokoroma.

Upepo wa hapa mnaujua. Chujio za feni za kabati zisafishwe kila wiki, mlango wa karakana usitazamane na mashine.

Joto nalo lina hesabu. Chuma cha mm 200 kikipanda nyuzi 10 kinarefuka zaidi ya mm 0.02. Asubuhi ya Julai na saa nane mchana ya Novemba ni nyuzi nyingi kuliko hizo. Kazi ya kubana ianze alfajiri na iishe kabla ya mchana, au ifanyike usiku, na kipande kilale ndani ya karakana usiku mzima kabla ya kukatwa.

Moto

Mashine ya kuzamisha inatumia mafuta na cheche kwa pamoja, hamna haja ya kueleza zaidi. Mafuta yafunike kazi kwa mm 50 au zaidi, cheche isiwe karibu na uso wa mafuta kwa sababu hapo kuna hewa. Kuna boya linalozima mashine mafuta yakishuka, kuna vijana wanaliwekea kijiti lisisumbue, huyo mtoe kwenye mashine siku hiyo hiyo. Mafuta ya taa yanatumika na wengi kwa sababu ni rahisi kupata, lakini mvuke wake unaanza kushika moto kwenye nyuzi 38 au 40 hivi, na mchana wa Novemba ndani ya karakana ya bati umeshakaribia hapo kabla hata hujawasha mashine. Nunua mafuta yaliyotengenezwa kwa EDM, ambayo mengi hayashiki mpaka nyuzi mia na zaidi. Mtungi wa kuzimia uwe wa unga au wa gesi ya kaboni dioksidi, sio ndoo ya maji. Na usiku usiiache mashine ya mafuta ikifanya kazi peke yake, ya waya inaweza, hii hapana.

Tope linalobaki chini ya tenki lina chembe za chuma, usilimwage mtaroni. Likaushe kwenye pipa lenye mfuniko. Glavu vaa, mafuta haya yanachubua ngozi.

Kama huna mashine na unatuma kazi Dar

Wengi wetu bado ndio tuko hapa. Uliza kwanza SIDO na VETA na karakana kubwa za hapa mjini, ukikosa ndio upeleke mzigo stendi ya Nanenane uende na basi. Picha ya simu peke yake haitoshi, tuma mchoro wenye vipimo, na kama una mtu wa kuchora kwenye kompyuta mwambie akupe faili la DXF (mchoro wa kompyuta) kwa kipimo halisi cha 1:1, mashine nyingi za waya zinalisoma. Andika unene, aina ya chuma, kama kimekazwa au bado, kipimo gani kinabana na kipi hakina neno. Ukiandika kila kitu kiwe 0.01 utalipa bei ya 0.01 hata kwenye tundu la bolti. Kama ni gia iliyovunjika tuma na mwenzake inayozunguka nayo, usitume meno peke yake. Kama ni panchi na dai sema unapiga bati la unene gani, nafasi kati yao inatoka hapo. Na kile kipande kinachotoka katikati, kama unakihitaji kwa panchi sema mapema, maana wengine kikidondoka tu kinaenda kwenye skrepa.